Siku Kiboko Alipoonjeshwa Wimbo

Chungu!

— Kimeinjikwa!

Kuni!

— Zimeshika!

Ukweli?

— Chumvi tu!

Uongo?

— Jaza mpaka shingoni!

Haya, sogeeni. Wewe uliyekaa karibu na beseni la maandazi la mke wangu, wewe rudi nyuma kidogo, nakujua.

Hadithi hii wapo wengine wanaoisimulia. Yuko mmoja pale ng'ambo, simtaji, anasema aliyefanya haya ni Sungura. Muongo! Sungura siku hiyo alikuwa na mafua, hakutoka ndani. Mimi najua, kwa sababu babu yangu alikuwapo, na kama hakuwapo, basi aliyemsimulia alikuwapo. Tena mimi nimesoma mpaka darasa la tano. Darasa la sita liliponiona naja, likakimbia. Kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Palikuwa na mto, na kando ya mto palikuwa na soko. Wauzaji walitoka ng'ambo zote mbili, na daraja halikuwapo. Daraja lilikuwa mgongo wa Kiboko. Unapanda, anakuvusha, unashuka. Mnaona sasa kwa nini hakuna aliyethubutu kumuudhi. Ukimuudhi Kiboko asubuhi, jioni utarudije kwako?

Soko hilo lilikuwa na desturi nzuri sana: mteja anaonja kwanza, na kuonja ni bure. Chembe moja ya karanga. Kipande cha mua. Desturi ya adabu kabisa. Kosa lake ni moja tu: walioiweka walikuwa na midomo midogo.

Basi Kiboko akifika kwa Ndezi, muuza miwa, anasema:

"Ndezi, miwa mitamu?"

"Mitamu, Bwana Mkubwa."

"Ngoja nionje."

Kwaaa! Mdomo huo! Taya la juu linagusa matawi, taya la chini linafagia vumbi. Gubu! Mzigo mzima wa miwa, pamoja na kamba iliyoufunga.

"Mh. Haijakolea." Huyo, anakwenda zake.

Akifika kwa Bi Kanga, muuza mtama, anasema:

"Bi Kanga, mtama mkavu?"

"Mkavu, Bwana Mkubwa."

"Ngoja nionje."

Kwaaa! Gubu! Mtama na ungo wake. Bi Kanga anabaki na kibaba cha kupimia mkononi, cha kupima hana.

"Mh. Haujakolea."

Na hivyo hivyo, jamvi kwa jamvi, mpaka mwisho wa soko. Wateja wakija wanakuta wauzaji wamekaa wanatazamana.

Sasa katika soko hilo alikuwapo Kuchakulo. Mnamjua, yule mdogo mwenye mkia wa manyoya, anayefukua karanga zenu shambani halafu mnamsingizia panya. Huyu Kuchakulo alijaliwa vitu viwili, na hivyo viwili ndivyo vilivyomtesa.

Cha kwanza, mdomo wa biashara. Akikutazama mara moja anajua unachotaka, anajua unachojifanya hukitaki, na anajua utaondoka na kipi. Aliwahi kumuuzia Chura maji ya mtoni. Chura akashukuru, akarudi kumnunulia na shangazi yake.

Cha pili, kayamba. Kuchakulo akilishika kayamba lake, chaka-chaka, chaka-chaka, hata mwenye kidonda mguuni anasimama. Na nyimbo alizitunga mwenyewe, zinamtoka kama jasho.

Shida ilikuwa hapa. Akikaa kwenye karanga, mikono inawaza kayamba. Akishika kayamba, tumbo linawaza karanga. Na soko lilikuwa na sheria: kazi moja, jamvi moja. Kila baada ya mavuno, Mzee Kobe, karani wa soko, anamsimamisha kila mtu mbele ya wenzake. Unataja kazi yako, unapewa jamvi lako la kukalia mwaka mzima.

Mwaka wa kwanza Kuchakulo alisema, "Muuza karanga." Akapewa jamvi. Akauza, akauza, akiwahi kabla Kiboko hajafika, akarudi nyumbani na chakula tele na uso umekunjamana kama dagaa wa juzi. Siku moja harusi ikapita na ngoma yake. Kuchakulo akaacha karanga, akaacha wateja, akaifuata harusi mpaka kijiji cha tatu. Mzee Kobe akalikunja jamvi.

Mwaka wa pili akasema, "Mpiga kayamba." Akapewa jamvi. Akapiga, wakacheza. Akaimba, wakalia. Kisha wote wakamwambia, "Mungu akubariki," wakaenda kwao kula. Siku ya soko ya tano akaanguka kwa njaa juu ya kayamba lake mwenyewe. Mzee Kobe akalikunja jamvi.

Jamvi la tatu ndilo la mwisho. Anayeshindwa kutaja kazi yake mara ya tatu hukabidhiwa kwa Kiboko. Anamsugua mgongo, anamchokonoa meno, analala kwenye matope, haoni mke wala mtoto mpaka mvua za masika zije mara tatu.

Kiboko alikwisha kumwambia, "Kuchakulo, mdogo wangu, usijisumbue kutafuta kazi. Mimi nahitaji kijiti cha meno chenye miguu yake."

Basi ikabaki siku moja. Kuchakulo amekaa mlangoni kwake, mkono mmoja karanga, mkono mmoja kayamba, anatazama huku, anatazama huku. Mkewe, Mama Njugu, anakaanga karanga, na watoto wanne wanamzunguka wakiokota zinazoruka.

"Mama Njugu, nikitupa hili kayamba mtoni, itakuwaje?"

"Utalifuata."

"Na nikiacha karanga?"

"Tutakufa njaa, na wewe utatutungia wimbo mzuri wa maziko."

Kuchakulo akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi natania, mwenzangu, lakini kesho Kiboko ananichukua. Kila mtu anaijua kazi yake. Ndezi anaijua. Bi Kanga anaijua. Mimi peke yangu ndiye nimezaliwa nusu nusu."

Mama Njugu akaendelea kugeuza karanga, kraa, kraa. Kisha akauliza, "Baba Njugu, unaikumbuka ile siku tuliyouza vikapu vitatu kabla Kiboko hajaamka?"

"Naikumbuka. Sijui ilikuwaje."

"Mimi najua. Ulikuwa unatikisa kikapu."

"Nilikuwa natoa maganda."

"Maganda yalitoka, na wateja wakaja. Chaka-chaka, chaka-chaka. Tena ulikuwa unamwimbia kila anayepita jina lake, na karanga anazozipenda, za chumvi au zisizo na chumvi. Hukujijua. Mimi nilikuwa nyuma yako napima, mkono uliniuma siku mbili."

Kuchakulo akamtazama. "Sasa hiyo ni kazi gani?"

"Sijui inaitwaje. Lakini nikiisikia naijua."

Kuchakulo akatikisa karanga mkononi mara moja, akalitikisa kayamba mara moja. Kisha masharubu yakaanza kumcheza.

"Na Kiboko akija kuonja?" akauliza mkewe.

"Aonje," akasema Kuchakulo. "Aonje tu."

Kesho yake soko zima likakusanyika. Mzee Kobe kasimama juu ya kisiki, rundo la majamvi mapya miguuni.

"Ndezi! Kazi?"

"Miwa."

"Chukua jamvi."

"Bi Kanga! Kazi?"

"Mtama."

"Chukua jamvi."

"Kuchakulo! Kazi?"

Kiboko alikuwa kajilaza pembeni, akaanza kufungua mdomo taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba chake cha kulala.

"Shikamoo, Mzee Kobe," akasema Kuchakulo.

"Marahaba. Kazi?"

"Naomba mpaka jua lifike utosini. Sitaitaja. Nitaionyesha, na wewe utaitaja."

Mzee Kobe akamtazama Kiboko. Kiboko akacheka, ho-ho-ho, maji mtoni yakatikisika. "Mpe, mpe. Mimi sina haraka. Acha kwanza niende nikayachafue meno, apate cha kuanzia." Akainuka, akaelekea kwa Ndezi. "Ndezi, miwa mit—"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa!" Kuchakulo huyo, kasimama mbele yake, kayamba kwapani.

"Marahaba, kijiti changu."

"Leo nina bidhaa mpya. Nimesema asiionje mtu kabla yako."

"Karanga?"

"Wimbo. Tena wa kwako."

Kiboko akasimama. Mnajua, ana masikio madogo sana, lakini siku hiyo yalisimama kama majani ya mihogo baada ya mvua. "Wa kwangu? Unanitaja?"

"Nashangaa wewe kushangaa. Kobe ana wimbo. Kenge ana wimbo. Konokono ana nyimbo mbili. Wewe unavusha nchi nzima mgongoni, huna hata ubeti."

"Wimbo nao unaonjwa?"

"Bwana Mkubwa, si desturi yako mwenyewe? Kila kilichoko sokoni huonjwa kwanza, na kuonja ni bure."

"Kweli. Ngoja nionje."

Kuchakulo akalishika kayamba. Chaka-chaka, chaka-chaka.

*Nani huyo mtoni, mgongo wake daraja?*
*Nani huyo akicheka, mamba wote wanakuja?*
*Jina lake ni...*

Akanyamaza. Akalitia kayamba kwapani.

Kiboko akangoja. Akageuza sikio moja, akageuza la pili. "Ni nani? Malizia!"

"Umeshaonja, Bwana Mkubwa."

"Haujakolea!"

"Haukolei mpaka kiitikio. Na kiitikio ni chako. Mwenye jina ndiye anayeitikia, anapita nyuma yangu soko zima, watu wamwone. Mwisho kabisa ndipo nalitaja jina."

"Naitikia vipi?"

"Mdomo umefungwa. Mmm-mmm. Wakubwa huitikia hivyo. Kupayuka ni kwa vyura. Mdomo ukifunguka, wimbo unarudi mwanzo, na jina linarudi nyuma."

Kiboko akafunga mdomo. Pap! Kama mlango wa ghala.

Chaka-chaka, chaka-chaka. Kuchakulo mbele, Kiboko nyuma, "Mmm-mmm, mmm-mmm," na sauti hiyo nzito ikaingia ardhini, miguu ya watu ikaanza kujiendea yenyewe. Waliokuwa ng'ambo wakasikia. Waliokuwa mashambani wakasikia. Wakaja mbio na vikapu vyao, mgongo wa Kiboko haupo, basi wakavua nguo za siku ya soko wakaogelea.

Wakafika kwa Ndezi. Kuchakulo akaimba:

*Bwana yuko kwa Ndezi, ameiona miwa,*
*Ukiivunja, ta! utamu, vidole vitalambwa!*

"Mmm-mmm," akaitikia Kiboko, lakini macho yamekwama kwenye miwa. Mate yakamtoka pembeni, tii, tii. Midomo ikaanza kuachana. "Ndezi, ngoja nio—"

Kayamba likakatika. Kimya.

"Aaaah!" Soko zima likageuka. Nyani mmoja alikuwa ameachwa mguu juu. "Nani amekata ngoma?" Macho yote kwa Kiboko.

"Hapana, hapana," akasema Kiboko. "Nilipiga mwayo."

"Turudie mwanzo," akasema Kuchakulo kwa upole, kama mwalimu.

Pap! Mdomo ukafungwa. Wimbo ukaanza upya, na watu wakaizingira miwa ya Ndezi. Ta! Ta! Ta! Kila anayevunja anataka auvunje kwa mdundo. Kabla ubeti haujarudi mara ya pili, Ndezi amekalia jamvi tupu, akipepewa.

Wakafika kwa Bi Kanga.

*Bwana yuko kwa Kanga, ameuona mtama,*
*Uji wake ukiunywa, mgonjwa atasimama!*

"Mmm-mmm." Kiboko anatetemeka mashavu. Bi Kanga, naye si mwema sana, akauinua ungo mpaka chini ya pua yake. "Karibu uonje, Bwana Mkubwa. Ni bure."

Kiboko akafumba macho. "Mmm-mmm! Mmm-mmm!" Hiyo haikuwa tena kuimba, ilikuwa ni kuomba msaada. Na mtama ukaisha.

Wakaenda hivyo, jamvi kwa jamvi, na kila muuzaji akapata ubeti wake. Kuchakulo alimjua kila mteja. Akimwona Nguchiro anapita kando anajifanya hataki, anamtia kwenye wimbo, Nguchiro anarudi anacheka, anajaza kikapu. Wakafika mwisho wa soko. Hapo hapana jamvi, ni udongo mtupu. Mama Njugu kakaa na karanga zake za moto, watoto wanne nyuma yake wameshikana mikia kwa hofu.

*Bwana yuko kwa Mama, karanga ziko motoni,*
*Ukila moja ya leo, kesho uko mlangoni!*

Na harufu yake! Karanga za moto mnazijua. Kiboko machozi yalimdondoka, makubwa, kila moja lingeweza kumwogesha mtoto. Mdomo ukaanza kufunguka, kidogo, upenyo tu. Juu jua limekaribia utosini. Wimbo ukikatika sasa, hakuna muda wa kuurudia. Kuchakulo akaona ule upenyo. Akaona jino la kwanza, lile ambalo angelichokonoa mpaka masika ya tatu. Akainua kayamba juu ya kichwa, akaimba:

*Nani huyo mtoni, mgongo wake daraja?*
*Nani huyo akicheka, mamba wote wanakuja?*
*Jina lake ni...*

Hapa nanyamaza kidogo, koo limekauka. Msinune. Mke wangu hapo ana maandazi ya hiliki, ya moto bado. Anayetaka asogee, hadithi haikimbii. Wewe mwenye kofia, chukua mawili, uso wako unaonyesha unataka mawili. Haya. Haya. Tumefika wapi?

Jina lake!

Kiboko aliposikia "Jina lake ni," akaubana mdomo kwa nguvu zote, mpaka masikio yakazunguka. Alitaka jina kuliko karanga. Akangoja. Mama Njugu akapima kibaba cha mwisho, akampa mteja wa mwisho, akakung'uta kikapu. Ndipo Kuchakulo akapaza sauti:

*Jina lake ni KIBOKO!*

"Kibokoooo!" soko zima likaitikia.

Kwaaaa! Mdomo ukafunguka kwa furaha. "Hapo umekolea! Lo! Umekolea kabisa! Haya, sasa ngoja nionje!" Akageuka kwa Mama Njugu: kikapu kitupu. Akageuka kwa Bi Kanga: ungo mtupu. Akarudi kwa Ndezi: majani ya miwa, basi.

Akaelewa. Si haraka, lakini akaelewa. Akamsogelea Kuchakulo, kivuli chake peke yake kilitosha kumzika. Watoto wakapiga yowe. Kuchakulo hakukimbia. Si kwamba hakutaka, miguu ilikataa.

Kiboko akainama mpaka pua ikagusa masharubu yake.

"Ule ubeti wa mgongo wangu," akanong'ona, "utauimba tena lini?"

"Siku ya soko ijayo, Bwana Mkubwa. Na nitaongeza wa masikio."

Kiboko akafikiri. "Useme ni makubwa," akasema. Akainamia majani ya miwa, akayatafuna kwa adabu, akarudi majini. Tangu siku hiyo Kiboko anakula majani, na ukipita mtoni unamsikia: mmm-mmm, mmm-mmm. Anafanya mazoezi.

Jua lilikuwa utosini. Mzee Kobe akapanda kisiki. "Kuchakulo! Kazi?"

"Umeiona, Mzee."

"Nimeona kuuza, na nimeona kuimba. Hizo ni mbili. Jamvi ni moja."

"Ni moja, Mzee. Zilikuwa mbili nilipokuwa nazitenganisha."

Mzee Kobe akakuna gamba. "Na nani atakulisha?"

Ndezi akaja, akaweka mua mmoja miguuni pa Kuchakulo. Bi Kanga akaja, akamimina kibaba cha mtama. Kila muuzaji akaweka kitu, mpaka Mama Njugu akaanza kuangalia watapakiaje.

"Kazi: kuuza kwa wimbo. Chukua jamvi," akasema Mzee Kobe. Na alipofikiri hakuna anayemtazama, akatikisa mabega kidogo: chaka-chaka.

Sasa funzo, maana hadithi bila funzo wazee wenu watasema nimewapotezea muda. Shikeni hili: mtu achague kazi moja, ashikamane nayo, asichanganye changanye mambo kama yule Kuchakulo. Biashara ni biashara, nyimbo ni za wavivu. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyoishi. Kazi yangu ni kuziba pancha za baiskeli, basi. Hizi hadithi ni za kupitisha muda tu. Na maandazi ni ya mke wangu, mimi hayanihusu.

Chungu!

— Kimeepuliwa!

Kuni!

— Zimezimwa!

Maandazi?

— Yameisha!